Kioo Kilichomkondesha Kondo

Siku kile kioo kilipofika kwetu Chemchem, Tabora, tulidhani Leodgar amemtumia dada yake jeneza. Boksi lilikuwa refu na jembamba, limefungwa kamba za katani kila upande, na lilipotolewa tumboni mwa basi lilibebwa na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kimya. Kondakta akavua kofia. Mwenyewe baadaye alidai alikuwa anajikuna, lakini mimi nilikuwapo, na namjua mtu anayejikuna na mtu anayeaga maiti.

Mimi ni Kasimiri, mstaafu wa reli. Nilikuwa gadi wa treni, yule wa behewa la mwisho mwenye bendera na taa, na njia ya Mwanza naijua kuliko njia ya kwenda jikoni kwangu. Treni za siku zile zilikuwa treni. Ipo moja ambayo injini yake iliingia Bukene wakati behewa langu bado linaaga watu wa Tabora, na mimi nilipofika nilimkuta dereva ameshalala, ameamka, na ndevu zimemwota. Wasioamini wawaulize wenzangu, ingawa wengi wao wametangulia mbele ya haki. Basi nilipostaafu stesheni, Agnetha, mtoto wa dada yangu wa huko huko Bukene, alikuwa ndiyo kwanza anafungua steshenari. Nikaona tofauti ni herufi chache tu, nikahamia.

Kila asubuhi nakaa pale kwenye kiti cha wateja, nasoma gazeti la jana na kumwelekeza Agnetha kazi ambayo yeye anaijua na mimi siijui. Anachapa mitihani ya shule, mikataba ya nyumba, ratiba za ibada. Anatoa fotokopi, anaweka vyeti leminesheni. Kioo cha kwanza cha kompyuta yake kilikuwa cha zamani, kile chenye kisogo kikubwa nyuma, na siku moja kilitoa sauti kama ya mtu aliyekumbuka jambo, kikazima moja kwa moja. Kaka yake, Leodgar, alikuwa na banda la gemu Dar es Salaam. Vijana walikuwa wanakaa humo mchana kutwa wakipigana vita na kucheza mpira kwa vidole. Banda likafungwa, Leodgar akageukia biashara nyingine, na kioo chake kimoja akampandishia basi dada yake.

Tulipokifungua, nilisimama. Mimi nimeona mambo, lakini kwa kile kioo nilisimama kama nimeitwa jina kanisani. Kilikuwa kipana kuliko kifua cha mcheza mieleka. Na hakikukaa wima kama vioo vya watu. Kilijikunja kwa ndani taratibu, kama kiganja cha mtu anayesubiri kumiminiwa karanga. Mgongoni kilikuwa na taa zinazogeuka zambarau, zikaja kijani, zikaja nyekundu, zikizunguka zenyewe bila kuulizwa. Jioni ya kwanza aliingia mtu, akaegemea kaunta, akaomba bia baridi. Tulimtolea fotokopi ya kitambulisho, akaondoka ameridhika.

Na uzuri wake haukuwa wa mwili tu. Mwalimu wa kwaya ya Moravian alileta wimbo wa kurasa nyingi, kila sauti na karatasi zake. Agnetha akazipanga zote bega kwa bega mle kiooni, ukauona wimbo mzima kwa mara moja, umesimama kama treni iliyokamilika: soprano kule mbele ndiyo injini, besi huku nyuma kwangu. Mwalimu akauimba wote akigeuza shingo tu, hakugusa kitu. Akasema kwa miaka yote ya ualimu wake alikuwa hajawahi kuonana na wimbo wake uso kwa uso. Tangu siku ile nilikiheshimu kile kioo, na mpaka leo nakiheshimu, hata baada ya haya nitakayokusimulia.

Kwetu sisi, vioo vikubwa ni urithi. Babu wa babu yangu alibeba kioo cha kujitazamia kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, mzigo wa tajiri mmoja wa Kiarabu aliyekuwa anajenga kule Kwihara. Walipopita Ugogo, ng'ombe dume mmoja akajiona mle ndani, akadhani kapata mwenzake, akaufuata msafara nyika nzima akimwangalia rafiki yake mgongoni mwa babu. Walifika naye Unyanyembe, akakataa kurudi. Nasema hivi ili uelewe jambo moja: kwa Kiswahili chetu neno ni lile lile. Cha kujitazamia ni kioo, cha kompyuta nacho ni kioo, na kioo tumezoea hakisemi uongo. Yule ng'ombe alikosea kama tulivyokuja kukosea sisi.

Maana kile kioo cha Leodgar, nisikipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kilikuwa na mambo yake. Kilikuwa na upana wa mto na kina cha bakuli. Ukifungua barua ya mtu anayeomba kazi, unamwona "Ndugu Mkurugenzi", ila "wako mtiifu" humwoni mpaka ukamfuate chini kwa kidole, na ukimpata huyo, Mkurugenzi ameshapotea juu. Mistari ya majedwali, kwa sababu ya lile kunjo, ilionekana imepinda. Agnetha alikuwa anaweka rula juu ya kioo kuhakikisha, na hata rula ilionekana imepinda. Herufi ndogo zilikuwa na wekundu pembeni kama macho ya mtu mwenye homa. Miguu yake ilichukua meza yote, mashine ya leminesheni ikahamia sakafuni, Agnetha akawa anafanya kazi ile amepiga magoti kama yuko ibadani. Na mimi niliyekaa pembeni nilipata maumivu ya shingo kwa kufuata mshale ukisafiri kutoka huku kwenda kule.

"Mjomba, hiki kimetengenezwa kwa ajili ya vita," Agnetha aliniambia siku moja. "Adui anatokea kushoto, anatokea kulia. Mimi adui yangu anatokea juu na chini."

"Mgeuzie ubavu," nikamwambia.

Akarudi kwenye mshale wake.

Lakini la kubwa kuliko yote hatukuliona, na nakuambia sasa hivi usije ukasema mzee alikuficha. Kompyuta ya Agnetha ilikuwa ya zamani, haikuwa na nguvu ya kukijaza kioo cha upana ule. Ilikuwa inatoa picha ya kioo cha kawaida. Na kioo, kwa tabia yake ya banda la gemu, hakikutaka kubaki na nafasi tupu pembeni, kikawa kinaivuta ile picha huku na huku mpaka ienee, kama mtu anayetanua donge la chapati. Kila kitu mle kilikuwa kimenenepa. Herufi zilinenepa, na Agnetha akasema hiki ni kioo cha mjini, hata herufi zinakula vizuri. Tukacheka. Kwenye karatasi zilitoka sawa, hakuna mteja aliyelalamika, tukazoea. Alikuwa bado hajaletewa kazi ya picha ya mtu.

Akaja Bi Tunu.

Chemchem yote inamjua Bi Tunu, na waliohama wanamkumbuka. Ndiye mwenyekiti wa kamati za harusi. Sisemi kamati ya harusi fulani, nasema kamati za harusi. Anayeoa bila Bi Tunu anaoa, lakini watu watakuwa wanauliza kama kweli alioa. Safari hii alikuwa na harusi ya kwake mwenyewe: Maua, binti wa kaka yake Saidi, aliyemlea tangu mdogo, anaolewa na kijana wa Kizaramo wa Kisarawe aitwaye Kondo.

"Shikamoo, Bi Tunu," Agnetha akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia una kioo kinachoona mbali." Akakizunguka, akakitazama mgongoni kwenye taa, kama anayenunua mbuzi. "Kasimiri, na wewe umo humu? Au ndiyo unauzwa?"

"Mimi nalinda," nikasema.

"Unalinda kiti." Akakaa kwenye kingine. "Sikiliza, mwanangu. Nataka bango la nyuma ya maharusi. Kubwa. Wakwe wanakuja na treni, wanakuja na mashangazi, na mashangazi wa Kizaramo wana macho. Nikiridhika, harusi zote za msimu huu bango ni lako. Nisiporidhika, hata fotokopi watu wataenda kutoa mjini."

Alisema kwa upole, kama anavyosema mambo yote. Agnetha akaitikia kwa kichwa. Msimu ulikuwa umeanza vibaya. Mama yake, dada yangu, alikuwa ameshampigia simu kutoka Bukene: kama kazi ndiyo hivyo, mwanangu, funga duka urudi tulime. Na Agnetha hakutaka jembe. Si kwamba alilidharau. Alikuwa ameshalishika vya kutosha, na alijua akirudi hatoki tena.

Picha zililetwa kwenye simu. Agnetha akaziingiza, akazifungua, na Maua na Kondo wakaenea kioo kizima, ukingo hadi ukingo.

Bi Tunu akainama mbele. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa.

"Huyu ndiye Maua?"

"Ndiye, Bi Tunu. Ni picha uliyoleta."

"Maua nimemwosha mimi kwa mikono hii. Uso wake si sinia la pilau. Hizi simu za siku hizi zinawavimbisha watu. Mpunguze."

Agnetha akamshika Maua pembeni kwa mshale, akamsukuma ndani kidogo, kidogo tena, mpaka Bi Tunu akasema "Hapo. Huyo ndiye mwanangu." Na kweli, mle kiooni alikuwa Maua mwenyewe, yule tunayemwona akipita na kanga begani.

"Na bwana harusi?" Agnetha akauliza.

Wote watatu tukamtazama Kondo. Alikuwa amejaa upande wake wote kama lori kwenye daraja.

"Unamjua?" nikauliza.

"Sijamtia machoni. Alipokuja kuposa nilikuwa msibani Isikizya. Lakini tunaongea kwenye simu." Bi Tunu akawaza. "Ana sauti nyembamba. Nyembamba kabisa, kama filimbi. Mtu wa sauti ile hawezi kuwa na mwili huu. Mpunguze huyo zaidi."

"Zaidi ya bibi harusi?"

"Zaidi. Mwanamume akimzidi mke namna hiyo picha inaelemea upande mmoja."

Agnetha akampunguza. Bi Tunu akasema bado. Akampunguza tena, mpaka akapatikana kijana wa wastani, mtanashati, mwenye mabega ya kuvalia suti.

"Sasa," Bi Tunu akasema, "hao wanafanana na watu. Kioo hakidanganyi, mwanangu." Akafunga mkoba wake, akanikumbusha niwasalimie waliobaki nyumbani kama wapo, akaondoka.

Faili likapelekwa kwa yule jamaa wa sokoni mwenye mashine kubwa ya mabango. Yeye kazi yake ni kuchapa, si kutazama. Akalichapa, akalikunja kama mkeka, akalifunga kamba. Asubuhi ya sherehe vijana wa kamati wakalipandisha ukutani kwa ngazi lingali limekunjwa, likakunjuliwa nyuma ya kitenge, maana Bi Tunu anapenda mambo yafunuliwe. Alitaka maharusi wakikaa, mshereheshaji ahesabu, kitenge kianguke, na mashangazi wa Kizaramo washike vifua.

Ndoa ilikuwa imeshafungwa nyumbani kwa Saidi kwa heri na baraka, Bi Tunu akiwa ukumbini anasimamia mapambo. Alasiri ukumbi ukajaa. Mimi na Agnetha tulikuwa karibu na mlango wa jikoni, nafasi niliyoichagua kitaalamu. Matarumbeta yakalia, mlango ukafunguliwa, Maua akaingia kama mwezi wa Idi, na pembeni yake akaingia Kondo.

Nikwambie, yule kijana aliingia kwa awamu. Kwanza likaingia tumbo, na baada ya muda wa heshima akafuata mwenyewe. Si mtu mnene wa ugonjwa, hapana, mnene wa afya, anayeng'aa, mwenye shingo kama gunia la mchele lililofungwa vizuri, na tabasamu lililowasha ukumbi. Mlango ulimpokea kwa ubavu. Nilimpenda pale pale.

Agnetha akanishika mkono.

"Mjomba. Yule ni Kondo?"

"Labda ni mpambe wake."

"Amevaa joho la bwana harusi." Akamtazama tena, halafu akatazama kile kitenge ukutani. Ana akili yule mtoto. Nilimwona usoni anayarudisha mambo yote, herufi zilizonenepa, uso wa Maua, sinia la pilau. "Kioo kinavuta," akasema taratibu. "Mjomba, kioo kinavuta pembeni. Nimewakondesha. Na huyu nimemkondesha mara mbili."

"Nenda kamwambie Bi Tunu wasifunue."

Akaenda. Lakini kuvuka ukumbi wa harusi yenye Bi Tunu ndani yake ni sawa na kuvuka Malagarasi masika. Huku sinia linapita, kule mama anacheza, pale mzee kanyoosha mguu. Alikuwa hajafika katikati mshereheshaji akaanza kuhesabu, watu wakaitikia, kitenge kikaanguka.

Matarumbeta yakanyamaza moja moja.

Maua kwenye bango alikuwa mwembamba kama aliyetoka kuugua. Hilo lingevumilika. Lakini Kondo. Kondo alikuwa mstari. Uso umerefuka kama wa farasi, suti imening'inia kama imetundikwa msumarini, na macho yake mawili yamesogeleana yanataka kusemezana. Na chini ya mstari huo, kwenye kiti cha kifalme, amekaa Kondo mwenyewe, amekijaza. Watu wakatazama juu, wakatazama chini, wakatazama juu.

Upande wa wakwe akanyanyuka mama mmoja mfupi, shangazi mkuu, Bi Chausiku. Hakuharakisha. Akapanda jukwaani, akasogea hadi kwenye bango, akafungua kiganja, akapima kiuno cha Kondo wa ukutani kwa shubiri. Ilitosha moja, na kidole gumba kilibaki nje. Akageuka, akamtazama Kondo wa kitini, hakujaribu hata kumpima. Mshereheshaji akampa kipaza sauti bila kuombwa.

"Wanyamwezi," akasema. "Tumewaletea Kondo. Mmemkondesha."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

"Tumewaletea mtu, mmetundika ufito. Mimi nauliza neno moja tu, nijibiwe. Huu ni utani au ni dharau?"

Hapo ndipo pagumu. Sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na pembe mabegani. Mtani anaweza kukuita kinyago mbele ya mkweo, ukacheka na ukamkatia kipande cha nyama. Kwa hiyo kama bango lile ni utani, basi ni heshima, tumewapokea kama ndugu. Lakini kama si utani, hata likiwa kosa tu la mtu asiyekusudia, ndiyo dharau yenyewe: ina maana bwana harusi wao hatukumwangalia hata mara moja. Kosa kati ya wakwe halisameheki haraka; linakaa ndani ya nyumba, linazaa.

Saidi, baba wa bibi harusi, akaanza kunyanyuka, mkono kifuani, mtu wa kuomba radhi. Na kule katikati ya ukumbi Agnetha naye alikuwa amesimama, watu wote wamekaa, yeye peke yake.

"Shangazi," akasema, "lile bango nimetengeneza mimi. Naomba niseme. Ni kioo changu, kina—"

"Kaa, mwanangu," Bi Tunu akasema.

Hakupaza sauti. Agnetha akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Bi Tunu akapanda jukwaani huku anajitengeneza mtandio, na mimi niliyemjua tangu angali msichana niliona shingo yake inapiga kama saa. Jina lake lote lilikuwa pale ukutani na lile bango. Angeweza kulitua kwa neno moja: fundi kakosea. Fundi angekuwa Bukene wiki ile ile.

"Bi Chausiku," akasema, "utani huo. Ulitaka iwe nini?"

"Niambie mwenyewe maana yake."

"Maana yake tulikuwa na wapishi. Tungelitundika bango la Kondo alivyo, wangemwona mapema, wangekimbia na masufuria. Ikabidi tuwaonyeshe ufito mpaka wali uive."

Kwanza alicheka mtu mmoja. Naapa alikuwa bwana harusi. Na kicheko chake kilikuwa kile kile alichosimulia Bi Tunu, chembamba, cha filimbi, kinatoka kwenye mwili ule kama ndege anayetoka kwenye ghala. "Shangazi, waache," akasema, machozi yanamtoka. "Tangu utotoni mnaniambia nipungue. Leo nimepungua mnalalamika."

Basi ukumbi ukaanguka. Watu walicheka mpaka paa likanyanyuka, nililiona likinyanyuka upande wa magharibi, na likarudi si sawasawa. Hata leo mvua ikinyesha panavuja. Bi Chausiku mwenyewe alijizuia kadiri alivyoweza, mdomo ukamsaliti. Akamnyooshea Bi Tunu kidole.

"Nimekubali ni utani. Na utani una faini. Hili bango ni langu, nakwenda nalo Kisarawe. Na siku ya kuondoka utalibeba wewe, kichwani, mpaka stesheni. Babu zako walituletea mizigo hivyo hivyo."

"Nitabeba," Bi Tunu akasema. "Lakini ujue Mnyamwezi hambebei mzigo mtu asiyemlisha njiani."

Na akabeba. Tabora yote ni shahidi. Bango limekunjwa, limekaa juu ya kata ya kanga kichwani mwa Bi Tunu, ambaye nadhani tangu aanze kuitwa mwenyekiti hakuwahi kubeba hata kikapu. Mbele yake Bi Chausiku, ameshika fimbo, anaongoza kama kirangozi wa misafara ya zamani, kila baada ya hatua chache anageuka kumtukana mchukuzi wake, na mchukuzi anamrudishia. Nyuma yao mashangazi, nyuma ya mashangazi sisi, nyuma yetu kila aliyekuwa hana kazi Tabora na wengi waliokuwa nayo. Sokoni watu walimsimamisha Bi Chausiku wakamnunulisha mihogo, amlishe mchukuzi wake. Kwenye behewa alilipokea bango kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Kondo alimwinamia Bi Tunu, akamshika mikono, akasema, "Shikamoo mama, na asante kwa kunikondesha." Bi Tunu akageuka upande akipangusa jasho. Jasho la machoni.

Siku iliyofuata nilikuwa kwenye kiti changu. Agnetha alikuwa hajafungua kazi yoyote. Alikuwa anabonyeza kitufe kidogo kilichojificha chini ya kidevu cha kile kioo, kinatokea kibao cha maneno, anasoma, anajaribu. Mara picha yote ikajikusanya katikati, ikapata umbo lake, na pembeni pakabaki vipande viwili vyeusi, kimoja huku kimoja kule. Herufi zikakonda, zikawa za kawaida. Akafungua picha ya Kondo. Alikuwa Kondo.

"Basi," akasema. "Kitufe kimoja tu, mjomba."

Nilisikitika kidogo, sitaki kusema uongo. Upana wote ule, na kiasi hicho kimelala giza. Lakini hata lile giza lilikuwa zuri: ukisogea unajiona humo, uso wako mwenyewe, umetulia. Nikasema kioo gani kingine duniani kinakuonyesha kazi katikati na mvivu pembeni.

Mlangoni akasimama Bi Tunu. Shingo ameifunga kitambaa, anatembea kama amemeza mwiko. Agnetha akasimama haraka.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Nionyeshe."

Agnetha akamwonyesha. Akabonyeza, Kondo akanenepa akawa lori. Akabonyeza, Kondo akarudi Kondo. Hakujitetea. Bi Tunu akatazama mara ya kwanza, mara ya pili, akaomba arudiwe.

"Kwa hiyo picha ilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Ilikuwa sawa, Bi Tunu."

"Na aliyesema mpunguze ni mimi."

Agnetha akatazama sakafu, kwenye mashine ya leminesheni. "Aliyepunguza ni mimi. Ningeijua kazi yangu, ningekukatalia."

Bi Tunu akakaa, polepole, akiishusha shingo yake kama yai. "Na pale ukumbini ulisimama kwenda kujisema mbele ya watu wote. Nimelea watoto wengi, sijaona anayesimama." Akashusha sauti. "Nani mwingine anajua habari hii ya kitufe?"

"Mjomba tu."

Akanigeukia mwili mzima, maana shingo ilikataa. "Huyo hata akiisema kweli, nani atamwamini?"

Nikainua gazeti.

"Mimi nimesema mbele ya Tabora na Kisarawe kwamba ule ulikuwa utani," akaendelea. "Nimeubeba kichwani mpaka stesheni. Sasa siwezi kuja kusema fundi wangu hajui kazi. Toka asubuhi nimeshasimamishwa na watu wa familia mbili, wanaoza kwa Wazaramo, wanataka bango la kukondesha. Hao utawafanyia hivyo hivyo, usiguse kitufe." Akafungua mkoba, akatoa simu, akaitafuta picha kwa kidole kimoja, akaiweka juu ya meza mbele ya kioo. Walikuwa kijana na binti, wamesimama mbele ya ua la mabati, wote wawili wanene kiasi. "Hii ni ya mwezi ujao. Bwana harusi ni wa hapo Isikizya, Mnyamwezi mwenzetu. Hatuna utani naye. Kila mtu abaki na unene wake."